Uliza Mzee wa Vibao: Jina lililo juu ya mlango

Barua za mwezi huu zimezidi nafasi niliyopewa, kwa hiyo nimechukua sita. Kwa msomaji mgeni: nimechora vibao vya maduka Dar es Salaam kwa miaka 43, Kariakoo, Kisutu, Mtaa wa India, Gerezani, na mji nimeujulia humo. Mtu akikuagiza umwandikie jina juu ya mlango, kwanza atakutamkia, umrudishie, akusahihishe. Mkifika hapo amekwishaanza kukueleza babu yake alishuka kwenye jahazi gani.

Shikamoo mzee. Bibi yangu mzaa mama amezaliwa Kariakoo na sasa ana miaka 84. Akiulizwa kabila anajibu "Mmanyema", basi. Nikimuuliza Wamanyema ni watu wa mkoa gani, ananyamaza au anabadilisha mazungumzo. Hapo Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema, kwa hiyo najua si jina la kubuni. Ni watu wa wapi hawa? Na bibi anaficha nini?
*Mjukuu, Tabata*

Marahaba mjukuu wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu nimelelewa katika nyumba ya Mmanyema. Baba yangu alikuja na gari la moshi kutoka Tabora, akapata ukuli bandarini, tukapanga chumba Mtaa wa Sikukuu. Nyumba ilikuwa ya Kiswahili kamili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na jiko. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kimanyema. Kila baada ya miezi michache alikuwa akipokea debe la mawese kutoka Kigoma. Siku debe linapofunguliwa harufu ilijaa ua mzima, na wapangaji wote, Wandengereko kwa Wanyasa, tulipewa maharage yaliyoungwa kwa mawese tukitaka tusitake.

Manyema ni nchi iliyo magharibi ya Ziwa Tanganyika, Kongo ya mashariki, huko kwenye miji ya Kasongo na Nyangwe. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa, ya Tippu Tip na wenzake, ilipita huko ikirudi Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Watu waliotoka huko hawakuwa kabila moja. Walikuwapo Wabwari, Wagoma, Wakusu na wengine wengi. Walipofika upande huu wa ziwa wakaitwa kwa jina moja, Wamanyema, na wao wenyewe wakalikubali, wakajenga umoja juu yake. Reli ya Kati ilipofika Kigoma 1914, njia ya kuja pwani ikawa nyepesi zaidi, na wengi waliokuwa Ujiji wakasogea Dar es Salaam. Mjini walishika dini, wakajenga nyumba za kupangisha, wakawa na umoja wa kuzikana na kusaidiana, na msikiti unaoutaja ni alama ya umoja huo.

Sasa, kunyamaza kwa bibi. Katika misafara ile wengine walikuja kama wafanyabiashara, wengine wapagazi wa kulipwa, wengine wametekwa. Mjukuu akiuliza "sisi ni wa wapi", anaweza kuwa anaugusa mlango ambao mama yake bibi aliufunga kwa makusudi, ili watoto wake wakue wakiwa watu wa mjini wenye heshima, si wana wa mtu aliyefungwa kamba. Mwenye nyumba wetu naye alikuwa hivyo. Mara moja tu nilimsikia, usiku wa msiba, akimwambia mama yangu: "Sisi ni Wabwari." Hakusema zaidi, na mama hakuuliza zaidi.

Usimuulize bibi kabila. Muulize mama yake alikuwa akipika nini, alikuwa akiimba nini akimbembeleza mtoto, jina gani lilirudiwarudiwa katika ukoo. Keti naye anapochambua mchele. Hayo atayasema, na ndani yake utaikuta njia yote aliyopita.

Mzee wa Vibao, juzi nimelazwa Muhimbili wodi ya Sewahaji. Jirani yangu kitandani alisema hilo ni jina la daktari Mjerumani. Ni kweli?
*Aliyepona, Mbagala*

Pole, na ashukuriwe Mungu kwa afya. Si kweli. Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa madhehebu ya Ismailia, mzaliwa wa Bagamoyo 1851. Alikuwa akiwauzia wasafiri wa bara vitambaa, shanga na waya, na kuwatafutia wapagazi. Utajiri wake ulitokana na misafara, na hilo tulikumbuke tunapotaja ukarimu wake. Lakini ukarimu ulikuwapo. Alitoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wasome, na alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Akafariki 1897.

Wajerumani waliwajengea Wazungu hospitali yao pale Ocean Road. Ile ya Sewa Haji ikawa ya Waafrika na Wahindi, na watu wakaiita Sewahaji kwa neno moja, kama ulivyoliandika wewe. Huduma zilipohamia Muhimbili katika miaka ya 1950, jengo la zamani likabaki nyuma na jina likafuata wagonjwa. Kwa hiyo jina ulilolisoma ukutani ni kuukuu kuliko ukuta wenyewe.

Kuna jumba pale Mnazi Mmoja tunaliita Anatoglo. Mwalimu wetu alisema ni neno la Kituruki, rafiki yangu anasema ni jina la Mgiriki. Nani yuko sahihi?
*Mwanafunzi, Ilala Boma*

Wote wawili, na ndiyo maana nimelipenda swali. George Arnautoglu alikuwa Mgiriki, tajiri wa mkonge, na jumba lile la starehe na mikutano lilijengwa kwa fedha zake katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wakazi wa mji. Jina lake la ukoo ndilo lenye umbo la Kituruki. "Oğlu" maana yake ni mwana wa, na "Arnavut" ni Mualbania, kwa hiyo ni "mwana wa Mualbania". Wagiriki waliishi chini ya dola ya Uturuki karne nyingi, na majina ya namna hiyo wakabaki nayo. Tazama neno moja lilivyopita mikononi: Mualbania, Mturuki, Mgiriki, na mwishowe Mswahili wa Gerezani aliyelainisha herufi akasema Anatoglo.

Wagiriki hawakuwa wengi nchini lakini walitapakaa, katika mashamba ya mkonge na ya kahawa, na Dar es Salaam wana kanisa lao la Kiorthodoksi mpaka leo. Niliwahi kumchorea kibao mmoja wao mwenye karakana ya magari. Alitaka jina liandikwe kwa Kigiriki pembeni, herufi ndogo. Nikamwambia nani atasoma? Akasema, "Mama yangu, akija Jumapili." Nikaandika.

Mzee, kwa nini Mtaa wa Kipata ulipewa jina la Mzungu, Kleist Sykes? Si tulikwishapata uhuru?
*Dereva, Gerezani*

Ndugu yangu, huyo si Mzungu. Wengi wanadanganywa na jina, na mimi naona uchungu kila ninapolisikia swali hili, maana ni mtu wa kujivunia.

Mwaka 1889 Wajerumani walimleta Hermann von Wissmann kuvunja upinzani wa watu wa pwani. Hakuja na Wajerumani tu. Alikodi mamia ya askari Wasudani huko Misri, na wengine kutoka Msumbiji ambao huku waliitwa Wazulu. Mmoja wa hao wa Msumbiji ni baba yake Kleist. Mtoto alizaliwa 1894, akaachwa yatima mapema, akalelewa na Mzulu mwenzake baba yake, naye akavaa sare ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita vilipokwisha alifanya kazi reli. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mjini hapa, akawa katibu wake. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa TAA, yaani Tanganyika African Association, na TAA ikazaa TANU, chama kilicholeta uhuru, Julai 7, 1954, katika nyumba ya Mtaa wa New Street, leo Lumumba. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa katika mkutano huo.

Kwa hiyo babu alikuja kupigana upande wa mkoloni, na wajukuu wakakaa meza moja na waliomtoa mkoloni. Sioni haja ya kulificha la kwanza ili la pili ling'ae. Yote mawili ni ya mtaa wenu. Jina la Kipata nalo usilitupe, litumie ukimwelekeza mzee, na Kleist Sykes ukimwelekeza kijana.

Kila mwezi unatusimulia Wahindi, Wagiriki, Wamanyema, Wazulu. Mji huu una wenyewe. Sisi Wazaramo ndio wenye ardhi, na leo maiti zetu zinapelekwa Kisarawe kwa kuwa hapa hatuna hata pa kuchimba kaburi. Utatuandika lini?
*Mwenyeji, Buguruni*

Naanza kwa kukiri: malalamiko yako ni ya haki. Mimi nimeishi kwa kuandika majina ya wenye maduka, na mwenye duka mara nyingi ni aliyekuja. Aliyekuwa na shamba la minazi mahali duka liliposimama hakuniita nimchoree kibao.

Kabla ya Dar es Salaam kulikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi. Waliokaa hapo ni Washomvi, na nyuma yao bara ni Wazaramo. Masimulizi ya wazee wa Kizaramo yanasema Washomvi walisumbuliwa na Wakamba, wakamwomba Pazi Kilama, kiongozi wa Kizaramo, awasaidie. Pazi akashuka na watu wake, akawafukuza Wakamba, na tangu hapo watu wa pwani wakawa wanatoa ada ya chumvi na samaki. Watani zako wakikwambia Wazaramo hawana historia, wape hiyo.

Lakini ndugu yangu, sikiliza pia wazee hao wanavyoendelea. Washomvi wenyewe husema asili yao ni Barawa, pwani ya Somalia. Wazaramo hutaja Ukutu na milima ya Uluguru. Sisemi hivi kukunyang'anya ardhi. Aliyetangulia ana haki ya kutangulia. Nasema kwa sababu ukiufukua mji huu, kila ukifika chini unakuta nyayo za mtu aliyewasili.

Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mji wake hapa katika miaka ya 1860, akafariki 1870 kabla haujakamilika, na mrithi wake Barghash hakuutaka. Wajerumani wakauhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo 1891, na hapo ndipo dhiki yenu ilipoanza kuandikwa kisheria. Walipanga mji kwa kanuni za ujenzi, na sehemu nzuri ya pwani ikawa ya nyumba za namna ya Kizungu tu. Mwenye nyumba ya miti na udongo alisogezwa. Waingereza nao wakaendeleza: Uzunguni upepo wa bahari, Uhindini maduka, Uswahilini Kariakoo, na katikati ya Uhindini na Uswahilini uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi makusudi, ili watu wasichanganyike. Watoto wanaocheza mpira pale hawajui wanakimbia juu ya mpaka.

Na neno Kariakoo, kwa kuwa mwingine ameniuliza, ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza waliingia mjini Septemba 1916, wakaweka kambi ya wapagazi mahali soko lilipo leo. Watu hao walibebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Nenda kwenye sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi, kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini juu amesimama askari peke yake na bunduki yake. Nairobi walau mpagazi amewekwa kwenye sanamu yao. Hapa mpagazi alipewa soko, na jina lake limevunjikavunjika mdomoni hata muuzaji wa nyanya hajui kwamba analitaja.

Narudi kwenu. Uliuliza lini nitawaandika. Ukiingia Muhimbili, baada ya Sewahaji utakuta Kibasila. Kibasila alikuwa kiongozi wa Kizaramo, akanyongwa na Wajerumani kwa ajili ya Maji Maji. Mfanyabiashara wa Bagamoyo na Mzaramo aliyekataa kulimishwa pamba kwa nguvu, majina yao yamekaa eneo moja, na wauguzi wanayataja kwa pumzi moja: "Mpeleke Kibasila, huyu arudi Sewahaji." Mimi nimekaa foleni pale nikiyasikia, na nimeona hakuna mahali mjini ambapo watu hawa wawili wamewekwa karibu namna hiyo.

Niletee wewe mengine. Shamba la babu yako lilikuwa wapi? Mpaka wake ulikuwa mti gani, kijito gani? Mwaka 1957 mji mzima ulihesabiwa watu 128,742. Sensa ya 2022 imehesabu mkoa 5,383,728. Katika umati huo, anayeweza kusema "hapa palikuwa na mwembe wetu" amebaki mmoja mmoja. Barua yako nitaichapa nzima, bila kupunguza neno.

Tuna nyumba ya familia katikati ya mji, karibu na Kisutu. Babu aliinunua kwa Mhindi mwaka ambao hatuujui. Juu ya mlango kuna maandishi ya saruji tusiyoweza kuyasoma na tarakimu zilizofutika. Ndugu wamekubaliana iuzwe, na mnunuzi atavunja ajenge ghorofa. Siwezi kuzuia. Je, kuna cha kuokoa?
*Binti, Upanga*

Mwanangu, kipo, na usingoje mkataba usainiwe.

Maandishi hayo, nakisia, ni ya Kigujarati. Nitakwambia ninavyoyatambua, maana nilijifunza kuyachora kabla sijajua hata jina lake. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa Mgoa, mtu wa kupiga uzi wa chaki mara tatu kabla ya kugusa brashi. Mwenye duka alikuwa akituletea karatasi aliyoandika jina lake kwa mkono, nasi tunaikuza mpaka ifike upana wa mlango. Herufi za Kihindi cha Delhi huning'inia chini ya mstari mmoja mrefu, kama nguo kwenye kamba. Za Kigujarati hazina mstari huo. Zinasimama kila moja peke yake, za mviringo, na mkono ukizizoea ni tamu kuchora. Wahindi wengi wa mji huu asili yao ni Gujarat na Kutch, Wahindu wa Kisutu, Waismailia, Mabohora, Wathnaasheri, kwa hiyo hizo ndizo utakazoziona juu ya milango ya zamani.

Mara nyingi kinachoandikwa hapo ni jina la ukoo, au la mama wa mwenye nyumba, au neno la kuomba baraka, na mwaka. Usishangae mwaka ukikuonyesha kama 1990 na nyumba ni kuukuu. Wahindu wana hesabu yao, Vikram Samvat, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 56 au 57. Toa 57, halafu uangalie kama inaingia akilini.

Mwaka jana nilipita mahali nilipochora kibao changu cha kwanza peke yangu, duka la vitambaa. Jengo limevunjwa. Mafundi walikuwa wamerundika vipande vya ukuta kando ya njia, na katika kimoja nikaiona herufi yangu, nusu ya S nyekundu yenye ukingo mweusi. Niliinama nikaigusa. Juu ya kibao changu, mlango ule ulikuwa na jina la saruji, nalo sikuwahi kumuuliza mtu linasemaje. Miaka yote ile nilikuwa nikipanda ngazi na kulikanyagia bega.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha mlango mzima, kisha maandishi, kisha kila tarakimu. Pima mlango. Kama ni wa mbao zilizonakshiwa, mwambie mnunuzi mapema kwamba mlango hauuzwi pamoja na nyumba, na iandikwe katika mkataba. Waulize majirani wa siku nyingi, kuanzia muuza kahawa, maana yeye anajua nani alihamia lini. Tafuta hati ya nyumba ndani ya sanduku la babu, jina la muuzaji limo. Kisha chukua picha uende nayo kwenye hekalu lolote la Mtaa wa Kisutu, asubuhi baada ya sala, ukamwombe mzee yeyote akusomee. Watakukaribisha.

Picha ya saruji usiipige mchana. Nenda alfajiri jua linapochomoza, likipiga ukuta kwa ubavu. Herufi zilizofutika hutoa kivuli saa hiyo, kwa dakika kumi hivi, na hata tarakimu unazodhani zimekwisha utaziona. Ukishazipata, niletee nakala.